Mkemia wa Gome la Mdalasini

Mtaani kwetu tulimwita Mkemia, naye aliliitikia jina hilo kama mtu anavyoitikia cheo. Ukimwita mzee aligeuka polepole. Ukimwita Mkemia aligeuka upesi. Jina lake halisi nililiona mara moja tu, juu ya bahasha, na sitaliandika hapa kwa sababu mwenyewe hakulitumia.

Nilipakana naye ukuta kwa miaka sita, katika nyumba ya vyumba vya kupanga chini ya milima ya Uluguru, pale mji wa Morogoro unapoanza kupanda. Mimi nilikuwa nesi katika kliniki ya kisukari hospitalini, nimetoka kwetu Gairo nikiwa na sare mbili na godoro. Yeye alikuja mjini baada ya kupunguzwa kazi katika maabara ya kiwanda cha sukari, miaka ile neno kupunguzwa lilipokuwa likisikika karibu kila nyumba. Alikuja na kitanda, meza nzito ya mninga, na sanduku la chupa ambalo hakumruhusu mchukuzi yeyote kuligusa. Alilibeba mwenyewe kifuani kutoka barabarani, akisimama kila baada ya hatua chache, mvua ikimnyeshea.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye vidole vilivyobabuka kwa dawa za maabara. Shati alilifunga vifungo vyote hadi shingoni, hata mwezi wa Desemba, joto linapomfanya kila mtu ahame na kivuli. Alinukia karafuu, kwa kuwa alikuwa akiitwanga karibu kila siku. Wapangaji wenzetu walisema kwa Mkemia ni Idi mwaka mzima.

Ukimwamkia shikamoo alijibu marahaba bila tatizo. Ukiendelea na habari za leo, ulikuwa umejitakia. Alifikiri kwanza, kisha akakupa habari za leo kweli: goti la kushoto linauma kidogo kuliko jana, maji ya bomba yana tope, mnyoo mmoja umeonekana ndani ya ndoo. Watu wenye haraka walijifunza kuishia kwenye shikamoo. Mimi sikuwa na haraka. Nikirudi kutoka zamu hapakuwa na mtu wa kunisubiri, basi nilisimama mlangoni kwake nikasikiliza hali ya goti.

Ulimi wake ulikuwa chombo cha kazi. Siku moja nilimpelekea chai, akaonja, akasema nimeweka vijiko viwili na nusu. Nilibisha, nikarudi chumbani, nikakumbuka kwamba kijiko cha tatu nilikijaza nusu kwa sababu sukari ilikuwa imeisha mkebeni. Madukani wakati huo ilianza kujaa sukari ya kutoka nje, nyeupe, punje zake zimelingana kama zimechaguliwa. Mkemia aliijua kabla hajaambiwa. Alisema haina nyumbani. Maneno hayo hakuyafafanua, na nilipomwuliza maana yake alinitazama kama niliyemwuliza chumvi ina ladha gani.

Alikuwa na ukaidi wa kuchekesha. Aliwakataza watu wazima wa nyumba nzima soda, aliwahesabia mandazi wanayokula, lakini chai yake mwenyewe ilipata vijiko vitatu. Tena hakukoroga. Aliinywa chai chungu mpaka chini, kisha akaila sukari iliyobaki kwa kijiko, taratibu, macho ukutani. Nilipomsema alinijibu kwamba ameionja sukari kazini maisha yake yote, akiiacha hatakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tulizoeana kwa sababu ya kipimajoto. Alinigongea alasiri moja akiwa amevaa tai, akaomba nimwazime kipimajoto cha kupimia homa. Nilidhani anaumwa. Kumbe aliyetakiwa kupimwa homa ni sanduku. Ndani ya lile sanduku la chupa alikuwa amefunga balbu ndogo na blanketi kuukuu, naye alitaka joto la mle ndani liwe sawa na joto la mwili wa binadamu, lisizidi wala lisipungue. Chupa zilikuwa kumi na mbili, kila moja na karatasi yenye namba. Ndani yake mlikuwa na ute wa yai uliochanganywa na glukosi ya paketi, ile wanayopewa wagonjwa waliodhoofika, pamoja na dawa kidogo ya kuzuia usioze.

Alinieleza jambo lile akiwa amesimama, kama mwalimu. Sukari ikikaa na protini muda mrefu hujibandika. Mwanzoni inaweza kubanduka ukiiwahi. Baadaye haibanduki tena, na protini ile inakuwa ngumu na ya rangi ya kahawia. Akaniuliza kama nimewahi kujiuliza andazi linapata wapi rangi yake. Sehemu ya rangi hiyo, alisema, ni kazi ileile, ila kwenye mafuta inakwenda upesi. Ndani ya mtu mwenye kisukari inakwenda polepole, miaka kwa miaka: kwenye mboni ya jicho, kwenye mishipa midogo ya figo, kwenye mishipa ya fahamu ya miguu. Mimi nilikuwa nimewafunga vidonda wagonjwa wengi, nikijua kwamba sukari inaharibu. Hakuna aliyekuwa amewahi kuniambia inaharibu vipi. Siku iliyofuata niliwatazama watu wa kliniki kwa jicho jingine.

Baadhi ya chupa aliziacha hivyo hivyo. Nyingine alizitia maji aliyochemshia majani ya mpera, nyingine karafuu, nyingine gome la mdalasini. Alikuwa akitafuta ule ukakasi, kile kitu kinachokausha ulimi ukitafuna jani bichi la mpera. Alikuwa amesoma mahali kwamba vitu vya namna hiyo kwenye mimea huenda vinaizuia sukari isijibandike. Baada ya wiki kadhaa alizitoa chupa na kuzilinganisha na vipande vya kitambaa cheupe alivyovichovya kwenye chai ya rangi, kutoka hafifu hadi nzito. Na kwa kuwa gome lenyewe lina rangi, aliweka chupa nyingine zenye gome bila glukosi, ili asije akajidanganya. Jambo hilo la kutojidanganya alilisema mara nyingi.

Umeme ulikuwa wa mgao. Ulipokatika alilifunika sanduku kwa mablanketi yote aliyonayo, na joto lilipoendelea kushuka alizichomoa chupa, akaziweka ndani ya shati lake, zikilala tumboni, vifungo vyote vimefungwa. Alikaa hivyo kwenye kiti mchana kutwa, wima, kama kuku anayeatamia. Nilimkuta hivyo mara ya kwanza nikashindwa kumwamkia kwa kicheko. Akaniambia nisimchekeshe, chupa zinatikisika.

Chupa za mdalasini zilichelewa kubadilika. Niliziona kwa macho yangu. Zile zisizotiwa mmea wowote zilifika kwenye kitambaa cha nne. Za mdalasini zilikuwa bado kati ya cha pili na cha tatu. Nilimwambia basi dawa imepatikana. Alinikatiza. Alisema kwenye chupa si kwenye mtu. Mtu ana tumbo, ana ini, ana damu inayozunguka, na hatujui kama kile kilichomo kwenye gome kinafika hata nusu ya njia. Sentensi hiyo, kwenye chupa si kwenye mtu, niliisikia kwake kwa miaka yote ile, kiasi kwamba sikuisikia tena.

Kila Ijumaa alivaa tai na kwenda posta. Alikuwa amewaandikia wataalamu wa vyuo vikuu, wa hapa nchini na wa nje, akieleza chupa zake na kuomba nafasi katika maabara yoyote yenye vipimo vya kweli. Alirudi mikono mitupu, akavua tai, akaitundika kwenye msumari. Katika miaka sita alipata jibu moja, na bahasha yake ndiyo ile niliyoona jina lake. Lilikuwa jibu la heshima. Walimshukuru kwa juhudi zake. Aliikunja barua, akaiweka chini ya mguu mfupi wa meza ya mninga ili meza isicheze, na Ijumaa iliyofuata alivaa tai tena.

Kuhusu mkewe alizungumza mara moja, na mimi sikumwuliza. Tulikuwa tumekaa uani nikichambua mchicha. Alisema walipokuwa wanaishi nyumba za kiwanda, mkewe alianza kukonda na kunywa maji mengi. Chooni kukawa na sisimizi, mstari mrefu, kila siku. Yeye, mtu aliyelipwa kupima utamu, akachukua mafuta ya taa akawamwagia. Wakarudi, akawamwagia tena. Ilikwenda hivyo miezi. Alipokuja kuelewa sisimizi wale walikuwa wanafuata nini, mkewe tayari alikuwa haoni vizuri, na kabla ya kufa alikuwa haoni kabisa. Alisema mkewe alimjua kwa mlio wa funguo. Kisha akainuka kwenda kutazama sanduku. Watoto wake wawili walikuwa Dar es Salaam, na sikuwahi kuwaona.

Mtu pekee aliyefika kwake kwa ukawaida, mbali na mimi, alikuwa mama mmoja wa milimani, upande wa Kinole. Tulimwita Mama wa Mdalasini. Alikuwa mjane, Mluguru wa kijiji cha misheni, mfupi, mwenye shingo iliyonenepa kwa kubeba mizigo kichwani. Alilima kabichi na ndizi, na kwenye mpaka wa shamba lake alikuwa na miti ya mdalasini aliyoipanda marehemu mumewe. Alishuka mjini kuuza mboga na kuja kliniki kwangu, maana naye alikuwa na kisukari cha vidonge. Akitoka kliniki alipitia kwa Mkemia na furushi la magome.

Mazungumzo yao yalikuwa ya kusikiliza. Mama huyo alizungumza Kiswahili chenye mwendo wa Kiluguru, kinachopanda na kushuka kama njia za kwao, na aliyasema mambo mazito kwa sauti ya kuomba chumvi. Alimfundisha Mkemia kwamba gome la tawi jembamba ni kali kuliko la shina, na kwamba likichunwa wakati wa mvua linatoka bila ubishi. Mkemia aliandika yote. Alimwekea kigoda chake mwenyewe, yeye akasimama. Siku alizokuja, Mkemia alikoroga chai.

Sasa nifike kwenye lililotokea.

Serikali ilikuwa imeanza utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama. Watu waliozoea kupewa vidonge bure wakaambiwa baadhi wakanunue. Foleni ya kliniki yangu ilibadilika sauti. Watu walikuwa wanalalamika, wanauliza, wengine wanaondoka bila kuonana na daktari. Asubuhi moja, katika kuwatuliza, nikaanza kuwasimulia habari za jirani yangu Mkemia. Niliwaambia ana chupa zinazoonyesha kwamba mdalasini unaizuia sukari isiharibu mwili. Benchi zima likanyamaza kunisikiliza. Nami, ambaye kwa kawaida nilisema na watu wale kuhusu mkojo na vidonda tu, nikaona raha kusikilizwa. Niliisimulia vizuri, kwa mikono. Ile sentensi yake ya chupa na mtu sikuisema. Haikunijia, au ilinijia nikaiona itaharibu hadithi.

Kwenye benchi siku ile alikuwepo muuza viungo wa sokoni, aliyemleta mama yake. Na mwisho kabisa wa benchi, na kikapu chake miguuni, alikaa Mama wa Mdalasini.

Haukupita muda, sokoni zikaonekana pakiti za karatasi zenye mchoro wa chupa na maneno Dawa ya Mkemia. Ilikuwa miaka ambayo kila mtu alikuwa anajaribu kuuza kitu, na redio zilitangaza dawa za kila namna. Mkemia aliiona pakiti akitoka posta. Aliileta nyumbani, akaimwaga juu ya gazeti, akalamba kidole. Akasema mdalasini ni robo, kilichobaki ni unga wa muhogo uliokaangwa. Aliudhika, lakini alionekana pia kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Aliniuliza ni nani aliyeyatoa mambo ya chupa nje. Nilimwambia mji mdogo, watu wanasema. Nikaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Mama wa Mdalasini hakuja mwezi ule, wala uliofuata. Alikuja wa tatu, amebebwa kwenye machela ya miti na wanaume wa kijiji hadi barabarani, kisha kwa gari. Alikuwa amejikata mguu kwa jembe, kidonda kidogo, akaendelea kulima. Mguu ulikuwa hauna hisia, kwa hiyo haukumwuma. Nilipomwuliza vidonge, alisema aliviacha zamani, alikuwa anatafuna magome yake. Alisema hivyo akiwa ametazama dari. Wakamkata chini ya goti.

Nilimpelekea Mkemia habari mwenyewe. Alikuwa ameshika kitambaa cha chai mkononi. Alikiweka mezani, akakinyoosha mpaka kisiwe na mkunjo. Aliuliza mguu gani. Nikamwambia wa kulia. Hakuuliza kingine.

Jumamosi ile alivaa tai, akaenda sokoni, akasimama kando ya meza ya muuza viungo. Kila aliyeishika pakiti alimwambia, kwa sauti ya kawaida, kwamba hiki ni kiungo cha pilau, na vidonge vyake asiache. Muuza viungo mwanzoni alimpa kiti na maji ya kunywa. Jumamosi ya pili alimwomba aondoke. Ya tatu watu walianza kusema mzee anataka mgawo, wengine wakasema anaona wivu kwa kuwa mwenzake ametajirika kwa akili yake. Mwanamke mmoja aliyetaka kumnunulia mumewe pakiti alimwambia usoni kwamba ana roho mbaya, ana dawa na anaificha. Siku moja wachukuzi walimshika mikono, wakamtoa hadi barabarani bila kumwumiza, wakamfuta vumbi. Alirudi Jumamosi iliyofuata. Nilimwona mara moja kutoka upande wa pili, nilipokwenda kununua nyanya. Watu walikuwa wanampita kama wanavyopita nguzo. Nilitaka kwenda kusimama naye. Nilikuwa na haki ya kusimama pale kuliko mtu yeyote. Nikanunua nyanya, nikarudi nyumbani.

Hatimaye muuza viungo aliacha kuandika Mkemia kwenye pakiti zake. Akaandika Dokta.

Baada ya hapo Mkemia alizimwaga chupa zote kwenye mtaro, moja baada ya nyingine, akaziosha, akazipanga uani zikauke. Hatukuzungumza sana. Yeye alikuwa kama anakwepa macho yangu, nami nilikuwa nakwepa yake. Niliamini amekwishajua kwamba mdomo uliosema ulikuwa wangu. Kuna wiki nzima nilipomsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta, nikainua mkono kugonga, nikaushusha. Halafu siku moja nilirudi kutoka zamu nikakuta mlango wake wazi na chumba kimefagiwa. Palikuwa na alama nne sakafuni, miguu ya meza ilipokaa. Hakuniaga.

Miaka ilipita, sikuhesabu mingapi. Walikuja wapangaji wengine upande ule, mtu na mkewe, na ukuta ukawa na kelele. Mimi sikuolewa. Nilipanda cheo kidogo pale kliniki, nikapewa kukagua daftari la vidonge. Ndipo nilipogundua kwamba vidonge vya Mama wa Mdalasini vinachukuliwa kila mwezi, bila kukosa, na kila mara ni Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku yangu ya mapumziko. Niliwauliza wenzangu ni nani anayechukua. Wakasema ni mzee mmoja mrefu, anavaa tai, na kabla ya kuketi huuliza kama mimi nipo.

Nilikaa na jambo hilo mwezi mzima. Mtu anayeuliza kama upo, ili ahakikishe haupo. Kisha nikaomba ruhusa, nikapanda gari la Kinole.

Gari lilitushusha linapoishia. Nilipanda kwa miguu katikati ya migomba na vijito, nikiuliza njia kwa akina mama waliokuwa wanateremka na vikapu vya ndizi. Nyumba ilikuwa ya udongo, bati jipya, chini kidogo ya kanisa. Nikawakuta uani. Mama wa Mdalasini alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mgongo, mkongojo wake umeegemezwa ukutani. Mkemia alikuwa kwenye kigoda mbele yake, amezeeka sana, na mguu wa mama yule uliobaki ulikuwa mapajani mwake. Alikuwa ameuosha, anaukausha kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, akiinamisha kichwa kutazama katikati kama kuna mchubuko. Ndivyo tunavyowafundisha kliniki, na hakuna anayefanya.

Nilisema shikamooni. Wote wawili waliitikia. Mama wa Mdalasini alifurahi, akanionyesha mkeka. Mkemia hakuinua uso. Niliambiwa, nikiwa bado nahema, kwamba Mkemia alipanga chumba kwa shemeji wa huyo mama, nyumba ya tatu kutoka pale, na kwamba kila siku huja kuutazama mguu. Majirani walizungumza mwanzoni, kisha padri akawaambia wakitaka kuosha wao waje na sabuni.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Yakatoka machache.

"Mzee," nilisema, "aliyesema habari za chupa kule kliniki ni mimi. Ni mimi nilimpa yule muuza viungo. Na huyu mama alikuwepo, alinisikia."

Kitambaa kilisimama. Alinitazama kwa mara ya kwanza, na nikaona kwamba haikuwa hasira. Alikuwa anashangaa.

"Mimi nilidhani unajua kwamba ni mimi," alisema.

Sikumwelewa. Akaeleza polepole, mguu ule bado mapajani, kwamba siku moja, kabla ya pakiti za sokoni, Mama wa Mdalasini alimwuliza magome yake yanafanya kazi gani hasa. Akamwonyesha chupa. Akamwambia huenda. Alisema ilikuwa miaka hajaulizwa swali na mtu anayetaka jibu, akafurahi, akalisema lile neno huenda kwa namna ambayo mtu angeweza kusikia ndiyo. Mguu ulipokatwa aliamini mgonjwa wangu ameshanieleza yote pale kitandani, na kwamba nikimtazama ninamwona mtu aliyemkata mguu mwenzake. Ndiyo maana alihama. Ndiyo maana ya Alhamisi.

"Nilikuwa nasikia unavyotembea ng'ambo ya ukuta," alisema. "Nikajua hutaki kuniona."

Niliukumbuka mkono wangu ukishuka bila kugonga.

Mama wa Mdalasini alikuwa ametusikiliza muda wote akipepea nzi kwa kanga. Akauliza kama tumemaliza. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kuomba chumvi:

"Vidonge niliviacha kabla sijamwuliza huyu kitu chochote, na kabla sijakusikia wewe kwenye benchi. Hela ya vidonge nilinunulia mbegu za kabichi. Nilitaka kuona kama nitaweza bila vidonge. Sikuweza. Magome niliyataja hospitali kwa sababu nilikuwa naona aibu kusema kabichi." Akatutazama, mmoja, kisha mwingine. "Mguu ni wangu. Mnakuja na pole, mnaleta vidonge, mnaosha vidole. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kwa nini."

Kanisani mtu alikuwa anafagia. Mkemia aliinama.

"Maliza hicho kidole," Mama wa Mdalasini alimwambia. "Kimebaki na maji."

Akakimaliza. Tulikula ndizi za kupika na maharage, tukazungumza juu ya bei ya mbolea na barabara. Hakuna aliyeligusa tena jambo lile. Jioni ilipokaribia, Mkemia alinisindikiza hadi gari linapogeuzia, akitembea mbele yangu na fimbo, akinionyesha mawe yanayoteleza. Nilipopanda, alishika dirisha akaniuliza ni siku gani ninakuwepo kliniki. Nikamwambia Jumatatu hadi Jumatano, na Ijumaa. Alirudia siku hizo, moja moja.

Mwezi uliofuata alikuja Jumatatu. Alikaa mwisho wa benchi, na kila zamu yake ilipofika alimwachia aliye nyuma apite, mpaka watu wote wakaisha. Ndipo akaingia, akaweka kadi ya mama yule mezani, akavuta kiti. Tulizungumza mpaka mfagizi alipokuja na ndoo, akasimama mlangoni akitusubiri, nasi tukaendelea.